Breki za Mkunga

Mtaa mzima ulimsikia mkunga kabla ya kumwona. Alipoteremka mlima asubuhi, breki za baiskeli yake zililia kwiii, kwiii, kutoka juu mpaka chini. Mbwa walibweka. Watoto waliokuwa wakipiga mswaki milangoni waliitikia kwiii, povu likiwatoka mdomoni. Muuza mkaa alikuwa akisema kwamba yeye hana haja ya saa, anaye mkunga.

Watu walicheka. Mkunga mwenyewe alicheka. Ila mume wake hakucheka.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yao, karibu na dirisha linalotazama barabara. Alikuwa mpole, mwembamba, mwenye miwani, na futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata wakati wa kula. Alikuwa amempenda mkewe miaka ishirini na saba, na mapenzi yake yalikuwa ya vitendo. Kifungo cha koti la mkewe kikilegea, alikikaza kabla mwenyewe hajajua. Begi la kazi la mkewe alilishona yeye. Lilikuwa na mfuko wa mizani, mfuko wa glavu, na mfuko mdogo wa biskuti, kwa sababu mkunga akiwa na njaa hasemeki.

Baiskeli yenyewe haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ya kitindamimba wao, binti aliyekuwa akishindana katika mbio za matope. Katika mbio hizo watu hupita na baiskeli kwenye matope na majani, na pengine huibeba begani wakaruka vizuizi. Kwa hiyo ilikuwa nyepesi. Matairi yake yalikuwa na meno, na usukani ulipinda kwenda chini kama pembe za kondoo. Binti alipopata kazi mji wa mbali, alimwachia mama yake.

"Mama, wewe ndiye unayeshindana na matope kila siku," alisema. "Itakufaa."

Na kweli ilimfaa. Zahanati ilikuwa chini ya mlima. Kabla ya kuingia zahanati, mkunga alipita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wazazi na watoto wao wachanga. Mmoja wa watoto hao alikuwa njiti, ng'ambo ya mto. Alizaliwa kabla ya wakati, na mkunga alitaka kumpima uzito kila asubuhi.

"Jana watoto wamekuigiza tena," fundi alimwambia siku moja walipokuwa wakinywa chai.

"Waache. Mtoto anayelia ana afya."

"Baiskeli si mtoto."

"Basi nayo ina afya," mkunga alisema. Alimaliza chai yake akiwa amesimama, akaondoka na kwiii yake.

Fundi alibaki na donge moyoni. Mke wake ndiye aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa huu walipokuja duniani, halafu wanamcheka kwa sababu ya breki? Aliona lazima afanye kitu.

Katika maisha yake yote fundi alikuwa na dawa moja ya kelele, nayo ni mafuta. Cherehani ikilia, mafuta. Bawaba za mlango, mafuta. Mkasi ukigoma, mafuta. Kwa hiyo Jumapili alasiri, mkewe alipojilaza kupumzika, alichukua chupa yake ya mafuta ya cherehani, akatoka uani. Aliinama kwenye baiskeli. Alitia tone kwenye kila raba ya breki. Kisha akapaka ringi, ule mviringo wa chuma unaoshika tairi, akauzungusha mpaka ukang'aa wote. Alitumia kitambaa laini ili mafuta yaenee sawasawa, maana fundi huyu hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alipobana breki, kimya. Siku hiyo alijiona mume hodari kuliko waume wote wa mtaa.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na manyunyu. Fundi alisimama dirishani asikilize. Mkewe alipita, baiskeli kimya kabisa. Watoto walisubiri waitikie, wakakosa cha kuitikia. Fundi akatabasamu.

Halafu akasikia sauti ya mkewe kutoka chini. "Pisheni! Pisheni jamani!"

Kisha kishindo.

Fundi alitoka mbio bila viatu. Kwenye kona ya mlima kulikuwa na karakana ya seremala, na mbele yake lundo la maranda ya mbao. Mkunga alikuwa ameona baiskeli haisimami, akaona mbele kuna watu, akaamua kuielekeza kwenye maranda. Sasa alikuwa amekaa humo, amezama mpaka kiunoni. Kiwiko kilikuwa kimechubuka. Seremala alikuwa ameishika baiskeli huku akisema pole, pole, pole.

"Umeumia?" fundi aliuliza.

"Kiwiko tu." Mkunga aliitazama mikono yake. "Nilibana, baba watoto. Nilibana kwa nguvu zangu zote. Haikushika."

"Breki?"

"Mikono."

"Labda ni hii mvua."

"Mvua naijua. Huu mwaka wa tano naendesha kwenye mvua. Hii ni mikono yangu. Imeisha nguvu."

Kuhusu breki, fundi hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Si alikuwa amezitia mafuta jana tu? Alimshika mkewe mkono, wakapanda mlima polepole, yeye akikokota baiskeli.

Tangu siku hiyo mkunga alikwenda kazini kwa miguu. Aliondoka mapema na kurudi na miguu iliyovimba. Nyumba kumi za asubuhi zikawa nne. Njiti wa ng'ambo ya mto alimfikia mchana, na siku nyingine hakumfikia kabisa. Mama wa mtoto hakulalamika. Alikaa tu mlangoni akisubiri, na jambo hilo lilimuumiza mkunga zaidi.

Siku ya nne alimwambia mumewe, "Nishonee mpira wa kitambaa. Mdogo, mgumu, wa kuenea kiganjani."

"Wa nini?"

"Wa kuminya. Nataka mikono irudi."

Fundi alichagua vipande vizuri vya kitambaa, akavijaza pamba, akavishindilia. Aliushona mpira ule kwa uzi wa mara mbili. Mkewe aliuminya wakati wa chai. Aliuminya akiongea na majirani. Aliuminya mpaka vidole vikamuuma, na kwa sababu vilimuuma, alizidi kuamini kwamba mikono yake imekwisha.

Jumanne ya wiki iliyofuata, jioni, aliuweka mpira mezani.

"Kesho saa nane mchana nitaonana na muuguzi mkuu," alisema. "Nitamwomba anitoe chumba cha kuzalishia. Nikae kwenye kadi na chanjo."

"Kwa nini?"

"Mtoto akitoka huwa anateleza. Mkono ulioshindwa na breki, nitauaminije kumshika mtoto?"

Alisema kwa utulivu, lakini aliitazama mikono yake kama mtu anayemuaga ndugu. Fundi aliona, na roho ikamuuma. Mkewe aliipenda kazi ya kuzalisha kuliko kitu chochote. Akiiacha, atakuwa anakwenda kazini mwili mtupu.

Usiku ule fundi hakupata usingizi, na asubuhi alikuwa amepata wazo. Kama mikono ya mkewe imepungua nguvu, basi breki ziongezwe nguvu. Alikwenda duka la vipuri.

"Nipe breki kubwa kuliko zote ulizonazo," alimwambia muuzaji.

Alipewa jozi ndefu, zinazong'aa. Kazi za ushonaji zilimshika mpaka saa saba. Zilipokwisha, alizichukua zile breki, akakokota baiskeli mpaka kwa Bi Spoku.

Bi Spoku alikuwa fundi baiskeli. Jina hilo alilipata kwa sababu mwenzake akichomeka kalamu kwenye nywele, yeye alichomeka spoku, ile nondo nyembamba ya gurudumu. Banda lake lilikuwa la mabati, safi, na kila kifaa kilikuwa na msumari wake ukutani. Zamani alikuwa akiitengeneza baiskeli hii wakati binti akishindana.

"Karibu, fundi mwenzangu," alisema. "Mgonjwa wetu huyo! Ana nini?"

"Nifungie hizi tu." Fundi aliweka breki zake mezani kwa fahari.

Bi Spoku alichukua moja, akaipimisha kwenye baiskeli, akatikisa kichwa.

"Nzuri. Ila si za baiskeli hii."

"Lakini ni ndefu. Si ndizo zenye nguvu?"

"Huo urefu ndio tatizo. Sikiliza. Breki ndefu hivi zinataka waya uvutwe sana. Vishikio vya breki vya usukani ulionyooka huvuta waya mwingi. Hivi vya usukani uliopinda huvuta kidogo. Nikizifunga hapa, mkeo atabana mpaka kishikio kiguse usukani, na breki bado hazijauma. Wewe mtu akija ana mikono mirefu, ukamkatia shati la mikono mifupi, utakilaumu kitambaa?"

"Hapana. Nitalaumu kipimo."

"Haya, tumeelewana."

Bi Spoku alizungusha gurudumu la mbele. Akapitisha kidole kwenye ringi. Akakitazama kile kidole, akakinusa.

"Fundi. Nani amepaka mafuta hapa?"

"Mimi," fundi alisema. "Mafuta safi kabisa ya cherehani. Zilikuwa zinalia."

Bi Spoku aliketi kwenye kigoda chake.

"Mkeo hajambo?"

"Alianguka. Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na mafuta ulipaka lini?"

"Jumapili. Siku moja kabla."

Bi Spoku alikifuta kile kidole kwa kitambaa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole.

"Fundi, cherehani unaitia mafuta ili iweje?"

"Iteleze. Vyuma visisuguane."

"Na breki kazi yake ni nini? Ni kusuguana. Raba inaibana ringi, inaing'ang'ania, gurudumu linasimama. Sasa wewe umewatilia mafuta katikati. Hapo hata mbeba magunia abane mpaka jasho limtoke, baiskeli itakwenda tu."

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo si mikono yake?"

"Mikono yake ina nini?"

Fundi alimweleza yote. Maranda, miguu iliyovimba, mpira wa kitambaa, muuguzi mkuu. Alikumbuka jinsi alivyoushona mpira ule kwa makini, na mkewe alivyomshukuru.

"Umeshamwambia kuhusu mafuta?" Bi Spoku aliuliza.

"Nimwambie lini? Mimi mwenyewe ndiyo kwanza najua."

"Anaonana na muuguzi mkuu saa ngapi?"

"Saa nane."

Bi Spoku alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Sasa unangoja nini? Mficha uchi hazai. Baiskeli iache hapa. Na umlete yeye mwenyewe, maana breki huchaguliwa kwa mkono utakaoibana."

Fundi hakuwa amekimbia tangu ujana wake, ukiacha siku ile ya maranda. Siku hii alikimbia. Njiani alitafuta maneno ya kuanzia, kila aliyoyapata akayaona mabaya. Mkewe anaweza kukasirika. Anaweza kumcheka, nalo lingemuuma pia. Lakini aliogopa zaidi kuchelewa.

Alimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya muuguzi mkuu. Mbele yake alikuwa amebaki mtu mmoja tu.

"Mke wangu, usiingie."

"Kuna nini? Nyumba imeungua?"

"Ni mimi." Fundi alihema. "Breki zako nilizipaka mafuta. Jumapili ile, ulipokuwa umejilaza. Watu walikuwa wanakucheka, nikaona nikuondolee aibu. Kumbe mafuta ndiyo yaliyokuangusha. Bi Spoku amenieleza sasa hivi. Mikono yako haina ubaya wowote."

Akina mama waliokuwa kwenye benchi waliacha kuzungumza. Mkunga alimtazama mumewe, akamtazama tena.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa nimeiogopa mikono yangu mwenyewe. Na wewe ukanishonea mpira."

"Nilikushonea kwa moyo mmoja. Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana hata kukugombeza sijui nianzie wapi." Machozi yalimlengalenga. "Ungeniuliza, baba watoto. Au ungemuuliza anayejua."

"Nimekosa. Nisamehe."

Mkunga alikuwa na hasira, na fundi aliiona. Alisimama tu mbele yake, futi shingoni, miguu ina vumbi. Hatimaye mkunga akasema, "Lete mkono."

Fundi alitoa mkono wa kulia. Mkunga aliushika, akauminya.

"Aiii! Mama yangu!"

Benchi zima liliangua kicheko. Mkunga aliminya tena kidogo, safari hii taratibu, akajifuta macho kwa mkono mwingine.

"Mikono haijaisha," alisema.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi mkuu alichungulia. "Mkunga, ulisema una jambo zito?"

"Lilikuwepo, dada. Limeisha. Naomba ruhusa tu niende kwa fundi baiskeli."

Walipofika bandani, Bi Spoku alikuwa ameshafungua magurudumu. Raba za zamani zilikuwa kwenye ndoo ya taka.

"Zile hazisafishiki," alisema. "Raba iliyokunywa mafuta ni ya kutupa. Tena zilikuwa zimekauka. Zina umri mkubwa kuliko ndoa za siku hizi."

Alimpa fundi kitambaa safi na chupa ya spiriti. "Wewe uliyepaka, wewe utafuta. Futa ringi, badilisha kitambaa, futa tena. Ukiona kitambaa kinatoka cheupe, niite."

Fundi alifuta. Mara ya nne kitambaa kilitoka cheupe.

Bi Spoku akamwita mkunga. "Pitisha ukucha hapa kwenye ringi. Unahisi kimfereji?"

"Nakihisi. Chembamba."

"Hicho ni alama. Breki za aina hii hubana ringi, na ringi hulika taratibu. Kimfereji kikifutika, au ubavu wa ringi ukibonyea ndani kama kijiko, usiipande baiskeli. Badilisha ringi, maana inaweza kupasuka. Yako bado nzima."

Kisha akaweka breki za aina mbili mezani. Za kwanza zilikuwa zile za baiskeli yenyewe. Zilikuwa na mikono miwili, na waya ulishuka katikati ukavuta kijiwaya kinachoiunganisha.

"Hizi ni za mbio za matope," Bi Spoku alisema. "Zinakaa mbali na tairi, matope yanapita. Ila zinataka kupangwa kwa ustadi. Na ile ya mbele ina tabia moja. Ukibana sana, usukani hautetemeki?"

"Hutetemeka mpaka meno!"

"Nilijua. Sasa tazama hizi." Alishika za pili. Zilifanana na zile alizonunua fundi, lakini zilikuwa fupi. "Hapa waya unaingia ubavuni, unavuta mkono mmoja kuelekea mwingine. Zinauma vizuri bila kutetemesha. Na kwa kuwa ni fupi, zinakubaliana na vishikio vyako. Ubaya wake, ziko karibu na tairi. Matope mazito yanaweza kukwama. Wewe unapita matope ya kina gani?"

"Ya barabarani. Nikikuta ya magotini nashuka, naibeba."

"Basi mbele tufunge hizi fupi. Nyuma tuache za zamani, tuzipe raba mpya."

"Kwa nini nyuma tusibadilishe?" fundi aliuliza. Safari hii aliuliza kwanza.

"Swali zuri. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ya nyuma ni msaidizi. Ikipangwa vizuri, inatosha. Kwa nini ununue usichohitaji? Na hizo zako ndefu, muuza maziwa ana usukani ulionyooka. Atazifurahia."

Bi Spoku alivuta waya wa zamani. Ulitoka kwa shida, una kutu. Akampa mkunga aushike.

"Umeona? Waya ukikwama ndani ya ala yake, nguvu ya mkono inaishia njiani. Miaka hii yote ulikuwa unabana breki na kutu pamoja. Mwenye mikono dhaifu asingeiweza baiskeli hii hata wiki moja."

Mkunga aliugeuza ule waya kiganjani, akausogeza mpaka mwangani autazame vizuri.

Waya mpya na ala mpya zilifungwa. Ikabaki kazi ya kupanga raba.

"Raba iguse ringi tu," Bi Spoku alieleza. "Ikipanda juu itakula tairi. Ikishuka itaingia chini ya ringi. Na dawa ya kelele ni hii. Ncha ya mbele ya raba iguse kwanza, ya nyuma ifuate. Tofauti yake ni ndogo, kama unene wa kadi."

Fundi aliingiza mkono mfukoni. Alitoa kipande cha karatasi ngumu ya kukatia vipimo.

"Kama hii?"

"Hiyo hiyo. Iweke nyuma ya raba. Mama, bana breki usiachie. Fundi, kaza nati. Haya, toa kadi."

Vidole vya fundi vilikuwa vimezoea kazi ya kipimo cha unywele. Raba nne zilikaa sawasawa, na Bi Spoku hakurekebisha hata moja.

"Na mafuta?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo. "Hayawekwi popote?"

"Yanawekwa. Hapa kwenye vigingi ambapo mikono ya breki inazungukia, tia grisi kidogo. Panapozunguka, tia. Panapobana, usitie kamwe."

Kisha akamkabidhi mkunga baiskeli. "Bana ya mbele, uisukume."

Mkunga alibana. Alipoisukuma, gurudumu la mbele liligoma kabisa, la nyuma likanyanyuka juu. Kishikio kilikuwa bado mbali na usukani.

"Vizuri. Jaribu hivyo kila asubuhi kabla hujapanda. Umebana kwa vidole vingapi?"

Mkunga alitazama. "Viwili."

"Viwili vinatosha. Leo zoesha raba mpya kwenye tambarare. Bana, achia, bana, achia, mara ishirini hivi. Kwenye mvua anza kubana mapema, polepole, ringi ijifute maji. Ndipo uongeze nguvu. Tumia zote mbili, na kwenye mteremko rudisha mwili nyuma."

Mkunga alizunguka uwanja mara nyingi kuliko alivyoambiwa. Fundi alihesabu mpaka ishirini, akaacha, akamtazama tu. Mkewe alikuwa anacheka peke yake.

Kesho yake mkunga alimfikia njiti saa mbili asubuhi. Alimfikia na siku iliyofuata. Baada ya wiki tatu mtoto alifika kilo mbili na nusu, na mama yake akasema sasa anamuona ana mashavu.

Asubuhi moja mvua ilinyesha kwa nguvu. Simu ya mkunga ililia. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mama, uchungu umemjia ghafla, na hakuna wa kumfikisha zahanati. Mkunga alivaa koti, akabana breki zake, akasukuma baiskeli, akaridhika. Akaondoka.

Fundi alisimama dirishani. Hakusikia kitu. Alirudi kwenye cherehani, akashona mfuko wa suruali ndani nje, akaufumua, akaushona tena vilevile. Aliuogopa ule mteremko kana kwamba ni mtu. Alitaka kwenda kuuangalia, akajizuia, kwa sababu mkewe alikuwa kazini na kazi yake aliijua.

Mchana mkunga aliingia, ameloa chepechepe.

"Vipi?" fundi aliruka.

"Wa kike. Kilo tatu na robo. Alikuwa na haraka, yule! Nimeingia, sijamaliza kuvaa glavu, kichwa hicho kinakuja."

"Ukamshika?"

"Nikamshika. Alitaka kuteleza, nikamshika." Mkunga alijitupa kitini, akavua viatu. "Nipe chochote nile. Nina njaa ya kufa."

Fundi alimpa sahani, akakaa karibu naye. Alijaribu kunyamaza, ikamshinda.

"Na kwenye kona ya seremala, na mvua ile yote. Breki zilishika?"

Mkunga aliacha kutafuna. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la mwaka jana.

"Unajua sikumbuki?" alisema. "Nilikuwa namuwaza yule mama tu. Breki sikuziwaza hata mara moja."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu. Mkewe aliendelea kula.